Antena Iliyozimwa kwa Mkono

Jumatano, 13 Novemba
Ushindi! Kompyuta kuukuu ambayo jirani yetu Wilmar aliitangazia mazishi imefufuka. Nimefuta mfumo wa zamani, nimeweka Linux. Bure kabisa! Asubuhi, mezani, mtandao ulishika papo hapo. Jumamosi saa sita mchana, kwa saa za kwetu, binti yetu Jimena anafunga ndoa Barcelona, nami nitatoa baraka za baba kupitia kioo hiki. Nauli ilitushinda, lakini hili halitatushinda. Wilmar alisema twende kwake tukaangalie harusi, ana kompyuta mpya. Nikamwambia fundi simu aliyefanya kazi miaka thelathini haombi mtandao kwa jirani. Mke wangu Nélida akaguna.

Mchana nikahamia uani: kompyuta na chupa ya chai kwapa moja, kikombe mkono wa pili, kama atembeavyo kila mtu hapa mjini kwetu Paysandú. Nikaketi. Mtandao hakuna!

Alhamisi, 14 Novemba
Bado. Nimezima, nimewasha. Nélida akauliza kwa nini nisichomeke waya tu. Tundu la waya liliungua na radi, na yeye anajua. Nikaandika amri zilizomo daftarini mwangu, moja baada ya nyingine. Ya tisa ikajibu: antena imezimwa kwa mkono. Mkono wa nani? Mimi sijagusa kitu. Nikainua macho, Wilmar huyo uzioni, anacheka peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako!

Ijumaa, 15 Novemba
Nimebandika karatasi ya foili ya jikoni kwenye madirisha yote yanayotazama kwa Wilmar, asipenyeze uchawi wake. Akaniita juu ya uzio: eti, Elbio, leo unaoka nyumba nzima? Nimeiweka Linux upya, mwanzo hadi mwisho. Antena imezimwa kwa mkono. Nélida anauliza viazi vyake vya kuoka atavifunga na nini.

Jumamosi, 16 Novemba
Saa tano na nusu Nélida alisimama mlangoni na gauni la bluu. Akasema mtoto anatungoja, Elbio, weka kiburi chini twende. Nikamwomba dakika tano. Akaenda peke yake.

Saa sita na robo nikasikia makofi kutoka kwa Wilmar. Kutoka kiti changu hadi mlango wake ni hatua thelathini, nimezihesabu mara nyingi nikienda kumgombeza. Sikuinuka. Mashine ilikuwa inawaka, nikajiambia safari hii itashika.

Nélida alirudi na macho mekundu. Padri alisubiri. Jimena aliuliza mara tatu Baba yuko wapi. Mwishowe baraka alitoa Wilmar.

Jumapili, 17 Novemba
Wilmar amekuja, kaitwa na Nélida. Aliigeuza kompyuta, akasukuma kwa ukucha kitufe chembamba kilichoko ubavuni, upande uleule ninaoegemeza chupa ya chai. Mtandao ukashika! Siku nne kwapa langu ndilo lilikuwa linazima antena. Sikumtazama usoni.

Nimempigia Jimena. Amesema si neno, Baba, kwa sauti ileile aliyokuwa nayo utotoni akijizuia kulia. Najuta. Naandika tena: najuta. Harusi haina marudio.

Jumapili, 8 Desemba
Jimena amepiga simu. Ni mjamzito! Mkesha wa Krismasi atatuonyesha picha ya mtoto aliye tumboni. Akanisihi: safari hii, Baba, nenda kwa Wilmar, tafadhali. Nikamwambia asihofu, baba yake amekwisha jifunza.

Nimechukua kompyuta na chupa ya chai kwapani kama kawaida, nikaenda uani penye mwanga, nikakimiminia kile kitufe gundi ya viatu palepale kilipokuwa. Sasa hakisogei hata kwa nyundo!

Tangu gundi ikauke, mtandao hakuna. Wilmar yuko uzioni, anatabasamu. Nimemtuma Nélida dukani akalete karatasi ya foili, ya kutosha safu mbili madirishani.