Koti la Karani wa Bunge

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku ya tisini na mbili bila Nyamvula. Chai nimepika mwenyewe. Haikunyweka. Nimeimwaga.

Yuko Mishomoroni, kwa kaka yake Mwarandu. Kati yangu na mke wangu pana feri, pana kisiwa kizima, pana daraja la Nyali. Asubuhi nilisimama mlangoni hapa mtaani Shika Adabu nikaangalia upande wa kaskazini. Nikaona ukuta wa jirani.

Jioni, Bunge. Si lile la Nairobi, wala lile la kaunti. Letu, Bunge la Wananchi la Timbwani hapa jirani, la mabenchi na viti vya plastiki kando ya kinu cha kusagia mahindi. Tunakaa kila siku saa kumi. Mimi ndiye Karani, mkuu wa utawala wote. Leo Spika wetu, Mzee Abdulghani, aliyestaafu ukarani wa mahakama, alisimama akasema kwamba amehesabu. Wabunge kumi na tisa. Watumishi ishirini na wawili! Akauliza ni nani aliyewaajiri. Nikatazama mabati. Akaagiza orodha ibandikwe ukutani kila mtu aione: jina, kazi, na uhusiano wake na aliyempa kazi. Wallahi safari hii anataka uwazi, alisema.

Ni Ismail aliyemtia maneno. Ismail fundi simu. Meza yake iko palepale kinuni, hivyo hakosi kikao hata kimoja, naye anaita hiyo bidii! Anautaka ukarani wangu. Siutoi. Kabla hajaondoka Nyamvula alikuwa akisema hajui ameolewa na nani. Akisikia nimethibitishwa kuwa Karani, kwa kura, atajua. Atarudi.

Jumanne, 7 Oktoba

Orodha nimebandika. Spika hakusema ikae juu kiasi gani. Nikapanda magunia ya pumba nikaibandika chini kidogo tu ya paa. Nikaeleza kuwa nawakwepa mbuzi, maana mbuzi wa Timbwani wanaila karatasi iliyobandikwa kwa uji wa ngano. Spika akasifu busara yangu. Nikatembea kifua mbele.

Saa kumi na moja Ismail akaja na ngazi.

Kasoma yote, kwa sauti, polepole. Tsofa, Mkurugenzi wa Viti: binamu. Kadenge, Msaidizi wa Mkurugenzi wa Viti: binamu. Munga, Mlinzi wa Rungu la Spika: mume wa shangazi, na rungu lenyewe limepotea tangu Februari. Alipofika jina la kumi na nne wabunge walikuwa wanaitikia kwa pamoja, "Binamu!" Huyo hakuwa binamu. Ni jirani. Sikupata nafasi ya kusema.

Spika akaamua aitwe mkaguzi wa nje, asiye ndugu wa mtu. Yatumwe maombi kwa ndugu zetu wa Bunge la Wananchi la Mishomoroni. Mishomoroni! Niliunga mkono kabla hajamaliza sentensi. Wabunge walishangaa. Mimi nilifikiria jambo moja tu, kwamba mtu atavuka kutoka kule aliko yeye, labda amempita njiani asubuhi hiyohiyo.

Jumatano, 8 Oktoba

Mkaguzi anakuja kesho. Nimepanga ofisi. Ofisi ni kiti changu cheupe cha plastiki, na mgongoni pake koti.

Niseme ukweli kuhusu koti, hapa hakuna anayesoma. Ni la kijivu, nililonunua soko la Kongowea kwa ajili ya harusi yetu. Kwa joto la Mombasa koti halivaliwi. Koti linawekwa. Nilijifunza nilipokuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali. Bosi wangu alipandishwa cheo mara mbili, na naapa nilimwona mara nne. Koti lake lilikuwepo kila siku. Koti likiwa kitini, mwenyewe hayuko mbali.

Nyamvula hakulipenda. Na nyumbani pia nililitundika kwenye kiti cha mezani nikitoka kidogo kwenda kucheza drafti kule feri. Siku aliyoondoka aliliandalia chai. Kikombe, sahani, mahamri mawili, mbele ya koti. Niliporudi chai imepoa, yeye hayupo. Mahamri nilikula. Yalikuwa matamu. Sijala mengine mfano wake.

Leo kikao kilipoanza tu nikamfikiria, nikashindwa kutulia. Nikaenda kusimama feri kutazama watu wanaoshuka kutoka ng'ambo. Saa mbili nzima. Wanawake wengi wa leso ya manjano. Hakuna yeye. Koti lilinishikia nafasi Bungeni.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mkaguzi ni Nyamvula.

Ee Mungu wangu. Kashuka kwenye pikipiki, leso ya manjano, daftari kwapani. Kumbe amejiunga na Bunge la kule, na wamemfanya mwenyekiti wa Kamati ya Uwajibikaji. Kanenepa kidogo. Kapendeza! Nikasema karibu nyumbani. Akasema, "Asante, ndugu Karani," akafungua daftari. Nikamnong'oneza Spika kwamba huyu ni mke wangu, mkaguzi alitakiwa asiwe ndugu wa mtu. Nyamvula akasikia. Akasema hilo ameshalitangaza kwa maandishi, na kwamba kwa sasa anaishi kwa kaka yake. Spika akasema basi yu huru.

Akawahoji mmoja mmoja. Akamuuliza Tsofa Mkurugenzi wa Viti hufanya nini. Tsofa akafikiri. Akasema kila mbunge huja na kiti chake na kuondoka nacho. Akamuuliza Kadenge humsaidia nini Tsofa. Kadenge akasema, "Hiyo hiyo." Aliandika kila neno. Mwandiko wake ule ule, wa kulalia kushoto.

Kisha akafika kwenye kiti changu. Akalishika koti ukosini. Akateremsha mkono mpaka kwenye kifungo cha pili, alichokishona mwenyewe kwa uzi wa kijani, maana mweusi ulikuwa umekwisha. Akakaa nacho hivyo, kidole juu ya kifungo. Nilitamani kuwa ndani ya lile koti. Sijawahi kutamani kitu hivyo.

Akaandika mstari mmoja, akafunga daftari.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ripoti imesomwa mbele ya wote. Watumishi wapunguzwe wabaki watatu: Karani, mfagiaji, na wa tatu wa kulitafuta rungu. Mahudhurio yaandikwe kila siku. Halafu akasoma mstari ule. "Mtumishi pekee aliyehudhuria vikao vyote tangu Januari ni koti. Napendekeza mwenye koti aige mfano wake." Wabunge walicheka mpaka kinu kikazimwa, watu wakaja kuuliza kuna nini.

Ukarani utapigiwa kura Jumapili saa kumi. Mgombea sharti awepo. Ismail akasema yeye yupo hata sasa.

Nilimsubiri Nyamvula nyuma ya kinu. Nilidhani atapita tu. Akasimama. Akasema amechoka, kaka yake amesema tukae tuzungumze, nije Mishomoroni Jumapili saa nane. "Uje ukae," alisema. "Ukae mpaka mwisho, Gershom."

Kaniita jina! Mara ya kwanza kwa siku tisini na sita. Nilirudi nyumbani bila kujua njia niliyopita. Nimefagia nyumba yote. Nimefua mapazia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tatizo. Saa nane Mishomoroni. Saa kumi Timbwani. Siku moja.

Nilifikiria kuuacha ukarani. Nikalifikiria hilo dakika nzima. Lakini nitarudi kwake nikiwa nani? Gershom mtupu? Huyo alimkimbia.

Basi mpango. Shemeji Mwarandu ni mzungumzaji, huanza na mvua za mwaka juzi, hafiki kwenye jambo lenyewe kabla ya jua kutua. Saa nane naketi. Saa tisa kasorobo naomba kwenda msalani. Koti linabaki kitini. Pikipiki, feri, kura, ushindi, narudi saa kumi na moja na nusu naingia kwa mlango wa nyuma nikisema tumbo. Natangaza ukarani, Nyamvula anabeba mfuko, tunavuka pamoja. Sioni panapovuja.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeketi. Saa nane kamili! Mwarandu akanikaribisha vizuri. Nyamvula akaleta wali wa nazi na samaki wa kupaka, akaniwekea kipande cha mkiani bila kuuliza, anajua ndicho nikipendacho. Akaketi mkabala nami. Akatabasamu nusu. Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilikuwa na furaha na sikutaka kwenda popote.

Saa tisa kasoro dakika ishirini nikaanza kuiona Timbwani. Nikamwona Ismail. Mwarandu alikuwa bado kwenye mvua. Nikaomba kwenda msalani, nikalitundika koti, nikalinyoosha mabega lisilale.

Pikipiki ilikwenda vizuri. Feri hapana. Moja mbovu, nyingine upande wa pili, na umati mpaka barabarani. Nilifika kinuni saa kumi na dakika ishirini na tano nimelowa jasho. Ismail keshaapishwa. Kura kumi na tisa kwa kumi na tisa. Tsofa alikuwa akipiga makofi! Spika aliniambia walinisubiri, wakatazama kiti changu, kitupu. "Hata koti hukutuachia, mwanangu," alisema, na naona alisikitika kweli.

Nikageuza. Feri tena. Nilipofika Mishomoroni jua lilikuwa linatua. Mwarandu alisimama mlangoni, koti mkononi, limekunjwa vizuri. Nikasema tumbo. Akasema kwamba mazungumzo yalikuwa ya dakika tatu. Dada yake alikuwa ameshaamua kurudi kwangu, alitaka tu kunisikia nikisema ndiyo mbele ya mtu. Alikuwa amefunga mfuko tangu asubuhi. Nikauona, mfuko wa buluu, karibu na mlango. Ulikuwa wazi, nusu mtupu. Ndani nikasikia nguo zinatundikwa.

Nikamwita. Akajibu kutoka nyuma ya pazia, bila ukali, na afadhali angefoka. Akasema koti lilikaa mpaka mwisho. Halikumkatiza hata neno moja.

Kwenye feri nilitia mkono mfukoni mwa koti. Mahamri mawili, kwenye kipande cha gazeti. Ya njiani, ya watu wawili. Nilikula moja. La pili nimelileta. Liko hapa mezani, silili.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku ya tisini na tisa. Nimekaa asubuhi nzima nikitafuta nilipokosea, bila kujionea huruma. Mtu mzima anawajibika. Nimepapata.

Koti lilikuwa moja.

Mahali pawili, koti moja! Lilipokuwa Mishomoroni, Timbwani nikakosa. Kosa la upangaji wa watumishi tu, si la moyo. Nimevuka mpaka Kongowea kwenye mitumba nikapekua mpaka nikapata la pili. Kijivu kile kile karibu. Nimemwomba fundi abadilishe kifungo cha pili, akishone kwa uzi wa kijani. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia asishone kwa maneno.

Kutoka Kongowea hadi Mishomoroni ni karibu mno. Nilisimama barabarani na koti jipya begani nikiutazama upande ule. Ningefika kabla chai yake ya jioni haijaiva. Lakini ilikuwa imeshagonga saa tisa, na saa kumi Bunge linakaa, na Ismail anaanza kazi leo. Lazima nionekane. Kwake nitakwenda kesho.

La zamani nimeliacha nyumbani, kwenye kiti cha mezani, mbele ya lile hamri. Nyamvula akirudi ghafla, asikute nyumba haina mtu.