Sura ya Tonton Niliyomchorea Tante Mado

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima. Nimelala hapa kitandani na viatu vyangu miguuni, nawaandikia ninyi kwa sababu katika ukoo huo hakuna anayetaka kunitazama. Someni polepole. Anayekula aache kwanza kula.

Mnajua leo tulikuwa tunaondoa matanga ya Tonton Donat, mume wa Tante Mado, yule aliyenilea hapa Kisangani tangu nilipotoka Yahuma kuja kusoma. Tangu afe, Tante amevaa nyeusi. Leo alikuwa anaivua. Sasa Tonton alikuwa mtu wa kukimbia picha. Simu yake iliyokuwa na picha chache ilizama mtoni, na iliyobaki ni moja tu, ya kadi ya mpiga kura. Ni ndogo, halafu ililowa mvua mpaka shavu moja likafutika. Kwa hiyo Tante aliniita akaniambia: "Fiston, wewe njo unajua kuchora. Unichorie yeye mukubwa, nikuwe namuona."

Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo. (Mdomo wangu huu!)

Kwa wasionijua vizuri: mimi, Trésor na Nadège tuna kachumba ka kuchorea kule Mangobo. Shule ya sanaa iko Kinshasa na sisi tuko hapa, basi tunafundishana wenyewe. Kila alasiri tunachora kitu kimoja wote watatu, kisha tunaegemeza kazi ukutani. Mwenye kazi ananyamaza, wenzake wanasema. Na kitu tunachokichora, miezi mingi sasa, ni Papa Bosco wa toleka. Anaegesha baiskeli yake ng'ambo ya barabara, anakaa juu ya kiti cha abiria akingoja mteja, na hatikisiki. Sisi tuko dirishani. Mwanzoni Papa Bosco wangu alifanana na muhogo. Wenzangu wakanikosoa: paji la uso lishushe, sikio lisogeze, mwanya wa meno usiusahau. Nikarudia, nikarudia tena. Siku hizi naweza kumchora nimefumba macho, na nimejisifu hivyo kwa kila mtu aliyekubali kunisikiliza.

Tablo ya Tonton, mchoro wenyewe, nayo niliipeleka ukutani. Sheria yetu ni kwamba picha unayoitazama ukichora lazima uiweke pembeni ya kazi, wenzako walinganishe. Mimi picha niliiacha nyumbani. Mtu amenilea, amenichapa, amenifundisha kunyoa ndevu, halafu nihitaji kikaratasi cha kunionyesha sura yake?

"Picha iko wapi?" Nadège aliuliza.

"Iko hapa," nikasema, nikigonga kichwa changu.

Nadège alisogea karibu na tablo. Trésor ndiye aliyeanza: "Bon, rangi iko bien. Lakini mudomo! Umemufunga mudomo sana, njo kama mutu anangoja piqûre ya sindano. Mufungue kidogo, acheke."

Nikamfungua mdomo. Sasa niulizeni, meno ya Tonton nani anayajua? Nani hukaa akichunguza meno ya mtu aliyemlea? Lakini mkono ulikwenda wenyewe bila wasiwasi wowote, ukaacha mwanya katikati. Siku nyingine wakasema shavu limekufa, nikalifufua. Wakasema nyusi zimelala, nikaziamsha. Jana Trésor akapiga makofi: "Voilà! Sasa huyu mutu iko hai!" (Kumbe alikuwa anasema kweli tupu.)

Nadège alikunja uso. "Tonton yako huyu, minaona kama namujua."

"Kisangani yote ilikuwa inamujua," nikamjibu, na nikafunga majadiliano. Laiti ningemuuliza anamjua kutoka wapi! Swali moja tu, na leo ningekuwa nimekula.

Basi leo asubuhi nikaifunga tablo kwa shuka. Ilibidi ifike Kabondo, kwa Tante. Nikatazama ng'ambo ya barabara, na bila shaka mnajua nani alikuwa amekaa pale. Nikapanda nyuma, tablo mapajani, Papa Bosco akaanza kukanyaga.

"Njo umechora marehemu?" akaniuliza tulipokuwa tunashuka mteremko.

"Njo yeye, Papa."

"Kazi ya muzuri. Batu kama sisi, tukikufa, nani atatuchora?"

"Papa, usiseme vile," nikamwambia kwa huruma. Tena nikamshika bega.

Tulipofika, jasho lilikuwa limemlowesha. Nikamwambia abaki. "Papa, chakula iko. Kaa, ukule, tutarudi pamoja." Akafurahi, akaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa jikoni, akapewa kiti cha nyuma na sahani ya pondu ya majani ya muhogo na makayabu, samaki wa chumvi. (Ukarimu wangu huo, Mungu ameuona.)

Uwanja ulijaa. Spika za kwaya zilikuwa zimefungwa kwenye mti wa parachichi, zinakoroma. Tablo iliwekwa juu ya kiti, mbele, imefunikwa kitambaa cheupe. Katekista aliomba. Kisha Tante Mado akatoka ndani amevaa kitenge kipya cha kijani, amesukwa nywele, wanawake wakapiga vigelegele. Sikuwa nimemwona akipendeza hivyo tangu matanga. Tonton Floribert, mdogo wa marehemu, mtu asiyehitaji kipaza sauti lakini alikuwa nacho, akatangaza: "Sasa mutoto yetu Fiston, artiste, ametuletea yaya Donat, kaka yangu!"

Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa uso wa unyenyekevu. (Niliufanyia mazoezi kwenye kioo.)

Tante akavuta kitambaa.

Nilingoja vigelegele. Mtu mmoja akakohoa. Tante akainama, akatoa miwani, akaivaa, akasogea karibu. "Donat?" akasema taratibu, kama anayeuliza mlangoni kama kuna mtu.

Aliyeniokoa, kwa dakika chache, ni Koko Anasi, shangazi wa marehemu, aliyekuja kutoka Bengamisa na alikuwa hajamwona Donat miaka mingi. Yeye aliamini palepale. Alijitupa mbele ya tablo akalia machozi ya kweli: "Donat eeh! Mutoto yangu! Umezeeka hivi bila kuniambia!" Wengine wakaanza kulia kwa kumfuata, nami nikapumua. Nikajiambia, sanaa bwana, inataka muda kuingia.

Kisha Koko Anasi alipangusa macho, akageuka kutafuta mahali pa kukaa. Akamwona Papa Bosco kwenye kiti cha nyuma. Papa Bosco naye, mtu wa adabu, akamtabasamia kwa mwanya wote.

Jamani, ile kelele! Koko alipiga yowe akamkumbatia katekista. "Iko nakula! Donat iko nakula!"

Watu wote wakageuka wakamtazama Papa Bosco. Wakaitazama tablo. Wakamrudia Papa Bosco. Tonton Floribert akasahau kwamba kipaza sauti kiko mkononi: "Mais! Si njo huyu papa ya toleka!"

Kwaya ndiyo ilianza kucheka, soprano kwanza. Katekista alijaribu kuanzisha wimbo, ukamfia mdomoni. Papa Bosco akaja mbele, sahani mkononi, akaitazama tablo kwa muda mrefu. Yeye hakucheka hata kidogo.

"Miye?" akasema. "Fiston, miye nimekufa lini?"

"Papa, haiko wewe..."

"Haiko miye? Na mwanya huu? Na sikio? Ondoa miye pale! Bibi yangu akisikia nimeliliwa Kabondo, nitamwambia nini?"

Hapo uwanja mzima ulivunjika. Watu walishikana mabega. Mimi mwenyewe, nisamehewe, kicheko kilinipanda mpaka kooni. Ndipo nikamwona Tante Mado. Alikuwa ameokota kitambaa cheupe, anaifunika tena tablo, anakunja pembe zake vizuri, bila haraka.

Papa Bosco alikataa katakata kuiacha sura yake kwenye nyumba ya matanga. Akaifunga kwenye kiti cha abiria, kifudifudi, akaondoka nayo. (Yaani tablo ilirudi kwa toleka, mimi nimerudi kwa miguu.)

Tante aliniita jikoni. Nilidhani nitatukanwa, na ningefurahi kutukanwa. Alikaa juu ya kigoda na kitenge chake kipya, mikono mapajani.

"Nimeamuka mapema," akasema. "Nimeoga, nimejipaka mafuta. Njo kama mutu anarudi na safari, ninamungojea."

"Tante, unisamehe."

"Haiko kosa. Umechora muzuri. Yule papa iko na uso ya muzuri." Akanyoosha kitenge magotini. "Lakini Fiston, miye ninaanza kumupoteza. Usiku ninatafuta pua yake, siipati. Ile picha, maji imekula. Nilisema, Fiston alikaa naye, Fiston anamuona bado." Akaniangalia usoni. "Unamuona bado?"

Nikafumba macho. Jamani, nawaapia, nilimtafuta Tonton kwa nguvu zangu zote. Nilimtafuta na kiwembe mkononi akinifundisha kunyoa. Nilimtafuta mezani. Sauti naisikia, mkanda wa suruali nauona, kofia naiona. Na chini ya kofia, kila mara, Papa Bosco ananicheka na mwanya wake. Miezi yote ile ya mazoezi! Nimemfuta mwenyewe, kwa mkono wangu, na wenzangu wakanipigia makofi.

Nikafumbua macho. Tante alinishika mkono.

"Na wewe pia," akasema. Basi.

Sijala. Hamu ya kula haipo. Trésor na Nadège, najua mnasoma hii. Msijilaumu, ninyi mlikosoa mlichoonyeshwa, na aliyeficha picha ni mimi. Na ninyi wengine, ninyi wa Kisangani, wa Bengamisa, mliofanya kazi naye, mliokaa naye harusini: kama kuna mwenye picha ya Tonton Donat kwenye simu, hata amegeuka, hata ni nusu ya uso nyuma ya watu wengine, anitumie leo hii. Mtacheka mkimaliza kutafuta.