Kiingereza cha Matanga

Jumatatu, 3 Februari

Mtihani wa kuzungumza ni tarehe 25. Mimi na mtahini kutoka mji wa Limerick, uso kwa uso. Nikifeli, sipati nafasi ya uhandisi chuoni. Narudi kwetu Sfax, na baba ameshatangaza mtaa mzima kwamba mwanawe ni mhandisi. Muuza mboga ananiita mhandisi. Hata imamu!

Kusoma Kiingereza naweza. Kuandika, sina mpinzani darasani. Kuzungumza sasa! Kiarabu na Kifaransa vinasukumana mlangoni, Kiingereza kinabaki nje kinanyeshewa. Tangu Septemba niko hapa mjini Ennis, na watu ninaoongea nao ni dereva wa basi (asante, kwaheri) na Bi Dympna, mwenye nyumba wangu, ambaye huuliza na kujibu mwenyewe. Aibu hunikamata shingo, macho yanaanguka chini. Navijua viatu vya mji mzima. Sura, hata moja.

Na huyu Caetano, Mbrazili wa chumba cha pili! Sarufi yake ni maafa, lakini anaongea na kila mtu, mpaka mbwa. Leo akaniuliza mbele ya wasichana kama ulimi wangu niliuacha forodhani. Wakacheka. Na mimi nikacheka. Mjinga mimi.

Jumanne, 4 Februari

Mpango wa kwanza. Dukani, foleni ya yule muuzaji mzee anayepiga soga na kila mteja. Nilikariri maneno kuhusu mvua, maana hapa hawaongei kitu kingine. Bibi aliyekuwa mbele yangu akageuka, akaniuliza naonaje siku ya leo. Nikamwaga yote: mvua kubwa, mvua ya kutisha, lini itakoma.

Jua lilikuwa linawaka.

Bibi akatazama juu, akanitazama mimi, akanipisha mbele yake kwa huruma. Caetano alikuwa kwenye mikate. Aliona kila kitu.

Alhamisi, 6 Februari

Ugunduzi! Nimepata shule yangu!

Kila asubuhi redio ya mkoa hutangaza waliokufa, na Bi Dympna hainui kijiko mpaka imalize. Leo ni Mzee Fintan Hehir. Bi Dympna goti linamsumbua, akaniomba nifuatane naye msibani nimbebee keki. Nikasema simjui marehemu. Akashangaa: kwani lazima umjue, mwanangu? Unapanga foleni, unatoa mkono, unasema pole, unakunywa chai. Ukiwa hai umekwisha kufuzu.

Sentensi moja tu! Pole kwa msiba wako. Wote wanaisema hiyo hiyo, hakuna anayedai maneno ya werevu. Kisha unawekwa kwenye kiti, unapewa kikombe, na watu wanakujia wenyewe kukuongelesha. Mwenye aibu angeomba nini zaidi?

Nikapita kwenye foleni ya wafiwa, mkono, pole, mkono, pole. Mkono wa mwisho haukuniachia. Binti wa marehemu. Akaniuliza nilimjuaje baba yake. Sentensi yangu ilikuwa imekwisha! Nyuma yangu foleni ndefu, mtu anakohoa. Mbele yangu jeneza, na juu ya jeneza kofia iliyochomekwa ndoano.

Nikasema alinifundisha kuvua samaki.

Akanibana vidole mpaka vikauma. Sura yake sikuthubutu kuitazama. Viatu tu: vya kijani, vyenye bizimu kubwa kama sarafu.

Kisha jikoni nikaongea Kiingereza mpaka chai ikapoa! Tukirudi, garini Bi Dympna akaniuliza tangu lini mimi mvuvi. Nikamwambia yako mengi asiyoyajua kuhusu mimi. Akasema hilo analiona.

Jumapili, 16 Februari

Sikosi msiba. Marehemu wa posta, nilisema, alinionyesha njia nilipopotea. Marehemu mtawa alisifu mwandiko wangu. Marehemu wa farasi nilimwogopa, ila kwa heshima. Ulimi unalainika. Juzi nilimaliza habari nzima ya farasi bila kumeza mate.

Caetano ameshtuka. Akanifuata mpaka kwa marehemu wa posta, na fulana ya njano! Akamkumbatia mjane, mjane akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Akapewa keki ya matofaa, kipande na cha kufungiwa. Mimi niliyevaa nyeusi nikapewa biskuti.

Haikubaliki. Jana nikamwelekeza nyumba ambako najua hakuna aliyekufa. Kulikuwa na sherehe ya uchumba. Akaingia, akampa kijana mchumba pole kwa msiba wake.

Wamempenda! Wamemwalika harusini.

Jumanne, 25 Februari

Nimetoka sasa hivi. Mtihani umekwisha.

Caetano alitangulia, akatoka akiimba. Akanipiga bega: mama mwenyewe mpole kama uji, ndugu yangu, usiogope, ukizidiwa we zimia tu. Nikaingia. Nikatazama chini, kama kawaida yangu.

Viatu vya kijani. Bizimu kama sarafu.

Mlango ulikuwa bado wazi nyuma yangu. Nikafikiria kukimbia. Nikafikiria kuzimia, Caetano alishanipa wazo. Lakini baba! Muuza mboga! Imamu!

Bi Gráinne Hehir, ndilo jina la yule binti wa marehemu, akavaa miwani. Kisha polepole akasema wewe ndiye yule kijana wa mtoni. Nikasema ndiyo. Ndiyo gani sasa!

Akasogeza kando karatasi ya maswali. Akasema mtihani unataka nimweleze mtu aliyenifundisha jambo, basi nimweleze huyo. Maana tangu mama yao afariki, mzee alikwenda mtoni kila Jumapili peke yake. Watoto wanaishi miji mingine. Kinachowauma mpaka leo ni kwamba alikaa pale bila mtu wa kusema naye.

Sema kweli, Wajdi! Nafasi ndiyo hii!

Nikasema alikuwa na mikono mikubwa. Nikasema hakuwa mtu wa maswali, na kwa mtu kama mimi hiyo ni zawadi. Nikasema kwake nilijifunza kunyamaza bila kuona aibu. Na maneno yakaja, yanaingia bila hodi! Ila niliyemwona si Mzee Fintan. Nilimwona babu yangu wa kisiwani Kerkennah, na mashua yake, na kikohozi chake. Hapo ndipo nilipoharibu. Nikaeleza jinsi ya kushusha chungu cha udongo majini, kumngoja pweza aingie ajifanye mwenye nyumba, kisha kumvuta taratibu asishtuke.

Kalamu yake ikasimama.

Akauliza: pweza? Kwenye mto Fergus?

Saa ya ukutani inagonga. Nikasema baba yake alinikanya nisimwambie mtu.

Akaweka kalamu chini, akajifunika uso. Mabega yanatikisika. Nikajua basi, nimemliza mfiwa, nimefeli, naiona ndege ya Tunis. Kumbe anacheka! Anacheka na machozi yanamtoka. Akasema huyo ni baba mtupu, maisha yake yote hakusimulia samaki wa kweli hata mmoja. Akasema mwanzoni alikuwa na wasiwasi nami kidogo. Sasa anaamini kabisa.

Alhamisi, 27 Februari

Nimefaulu! Baba amelia kwenye simu. Muuza mboga amegawa machungwa.

Furaha haikufika hata chakula cha mchana. Bi Gráinne amempigia Bi Dympna. Tarehe 8 Machi ni misa ya Mzee Fintan kutimiza mwezi (kama arobaini yetu, ila wao hawana subira). Familia inaomba nisimame mbele ya kanisa zima nisimulie habari ya pweza. Na kaka yake anakuja kutoka Boston kwa ajili hiyo tu. Anataka nimpeleke mtoni, nimwonyeshe jiwe tulilokuwa tukikaa.

Jiwe gani?

Bi Dympna akazima redio. Katikati ya vifo! Sijawahi kuona. Akanitazama, akasema haya sasa, mvuvi. Nikamweleza yote. Hakunigombeza, ndiyo mbaya zaidi. Akasema yule mama ana moyo, nenda kwake ukaseme kweli kabla ndugu yake hajapanda ndege. Akasema pia kwamba jirani yake Mwislamu humwambia Ramadhani mtu anafunga tumbo na mdomo vilevile.

Nimeapa. Kesho naenda. Nitamwambia baba yako simjui, ila upweke naujua, na babu yangu ni wa kweli. Nimeiandika kabisa kwa Kiingereza. Ni nzuri mno. Nimelia nikiisoma.

Ijumaa, 28 Februari

Nimekwenda Limerick kwa basi mpaka mlangoni kwa Bi Gráinne. Nimeona viatu vya kijani barazani, vinakaushwa. Nikainua mkono kubisha.

Tatizo si ujasiri. Tatizo ni Kiingereza. Kukiri kosa mbele ya mfiwa si jambo la kukurupuka, linataka ulimi uliopashwa moto. Nimerudi nyumbani.

Na nimefikiri vizuri. Mwezi ukiandama, kesho tunafunga, na uongo mwiko. Maana yake leo si mwiko. Leo ndiyo siku pekee ya kufanya mazoezi ya kusema kweli, mahali penye watu wapole, wasionijua, wenye chai.

Redio imesema kule kijijini Quin amefariki mzee mmoja, mfuga nyuki. Wafiwa wanapokea watu kuanzia saa kumi na moja jioni. Shati jeusi nimeshalipiga pasi. Caetano anataka kuja. Nimemwambia ni saa moja usiku.

Kuhusu nyuki sijui hata kimoja. Ngoja nisome haraka.