Brawl ya Ikungi, kwa Vitendo

Jumatatu, 7 Julai
Siku tukufu! Akina mama wanaokamua alizeti wanatafuta mtu wa kuwafundisha Kiingereza, waongee wenyewe na wanunuzi wa mafuta kutoka nje. Mwenyekiti wao, Emiliana, atachagua Jumamosi. Nitakuwa mimi. Nimeishi Ikungi tangu ujana, nimesoma kila kitabu kilichopita hapa, na bado naitwa "yule mzee wa Misigiri". Misigiri kwenyewe hakuna tena anayenijua. Nife nikiitwa Mwalimu!

Kikwazo: Zefania, mwalimu mstaafu. Leo kijiweni penye kahawa kasema "brawl" ni ugomvi wowote. Wowote! Nikamwambia wawili wakisukumana kimyakimya nyuma ya nyumba si brawl. Brawl inataka kelele, watu wengi, mahali pa wazi, na fujo isiyopangwa. Akasema mimi ni mwanafunzi niliyekosa darasa. Watu wakacheka. Emiliana, aliyekuwa anapita, akasema basi Jumamosi kila mmoja awafafanulie neno hilohilo. Atakayeeleweka ndiye mwalimu.

Jumanne, 8 Julai
Zefania ataeleza kwa maneno. Mimi nitaonyesha! Nitaanzisha brawl halisi mbele ya akina mama, nisimame pembeni nikifafanua. Haitakiwi kupangwa, kwa hiyo nitaipanga kwa siri.

Nahitaji mtu mwenye mwili na sauti. Sixbert, muuza vitunguu, Mgogo wa Manyoni. Leo majaribio. Nikamwambia mbele ya wateja kwamba vitunguu vyake vinanuka kama babu yake. Nikajiandaa kukimbia. Akacheka hadi akashikilia meza. Akauliza Wanyiramba wamepata pua lini, akanivua kofia, akaivaa.

Nilisahau! Mgogo ni mtani wetu sisi Wanyiramba. Mtani hagombani nawe. Anakutukana, anachukua chako, nawe unaaga vizuri. Kofia imekwenda.

Jumatano, 9 Julai
Nimeongeza ukali. Nikasema ukoo wake wote hulima ukiwa umelala. Akaita wenzake waje wasikie. Wakapiga makofi! Akauliza, "Mtani, leo umeniletea nini?" Nilikuwa na jogoo. Nilikuwa.

Ijumaa, 11 Julai
Akili imefunguka: apatikane mtu mwenye hasira kali, asiye mtani wa yeyote. Festo, fundi baiskeli, anagombana hata na pampu. Nikamnong'oneza kwamba Sixbert anadharau kazi yake. Akaondoka na spana mkononi. Safi kabisa! Jioni wakaja wote wawili, mabega yameshikana. Wameulizana, wamejua mchonganishi ni mimi. Walikuwa wanamla jogoo wangu. Wakanipa shingo.

Sina brawl, na kesho ndiyo Jumamosi.

Jumamosi, 12 Julai
Ghala la alizeti limejaa. Zefania akaandika kwa chaki: brawl ni ugomvi. Basi! Akina mama wakaitikia kwa pamoja. Emiliana akatikisa kichwa kukubali. Nikaona jina la Mwalimu linaondoka mbele ya macho yangu.

Nikamnyang'anya chaki. Akaishika upande wa pili. Tukavutana, wazee wazima. Emiliana akauliza kama hiyo ndiyo brawl. Zefania akasema naam. Nikapiga kelele kwamba hapana, tuko wawili tu, hii ni "scuffle"! Akanisukuma. Nikaangukia ndoo ya mafuta. Mama mmoja akateleza, akamvuta mwenzake, mwenzake akamlaumu jirani, jirani akarusha mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa. Mlango ukang'oka, fujo ikamwagika nje. Soko zima likamiminika. Sixbert akaingia na kofia yangu kichwani, akimcharaza kila aliye karibu kwa mfuko mtupu wa vitunguu, huku akiuliza nani kaanza.

Kelele! Umati! Mahali pa wazi! Na hakuna aliyepanga, hata mimi!

Nikapanda juu ya gunia nikatangaza, "Akina mama, sasa! SASA ndiyo brawl!" Bonge la mashudu likanipata mdomoni. Machozi ya furaha. Miaka yote ya ugeni wangu sijawahi kueleweka hivi.

Jumapili, 13 Julai
Emiliana kaja baada ya misa. Kaniamkia shikamoo akiangalia ukuta. Kasema neno limewaingia wote, hawatalisahau mpaka kaburini. Moyo ukaruka! Kisha kasema mwalimu ni Zefania, kwa kuwa yeye anaharibu chaki tu. Mimi nisisogelee ghala.

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa nimeliona: ghala lilikuwa dogo.

Nasikia Zefania keshokutwa anafundisha neno "battle". Atawaambia ni vita. Vita tu! Battle inataka pande mbili, uwanja mpana na jemadari. Uwanja wa mpira uko wazi kuanzia asubuhi. Jemadari nimeshampata kwenye kioo, na kesho anaanza kutafuta majeshi.