Suti ya Roboti Isiyovulika

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku ya aibu, kisha ya utukufu. Asubuhi Mwalimu Beverlyne wa kikundi cha maigizo alipita mbele ya kibanda changu hapa Kebirigo, akanipungia mkono, akaingia kwa Kemuma. Kwa Kemuma! Mimi nimeshona miaka kumi na tisa. Kemuma ameshona minne, tena kwa cherehani ya umeme. Nikavuka barabara kwenda kuazima chaki. (Nina chaki tatu.)

Nikasikia yote. Wana mchezo mpya. Roboti analetwa kijijini kuchuma chai. Magokoro mmoja, bibi mwenye shamba, anamchukia mwanzoni, halafu anamhurumia mpaka anamvisha kama mwanawe. Wataucheza Jumapili kwenye ukumbi kule Manga, na mshonaji atakayependeza ndiye atakayeshona mavazi yote kikundi kikienda mashindano ya kaunti. Mwalimu alikuwa anauliza roboti huvaa nini. Kemuma akasema hajui, itabidi afikirie kwanza.

Hajui! Nikadakia kwamba mimi nimewahi kuvisha roboti kule Nairobi. Sijui maneno yalitoka wapi. Ukweli ni kwamba nilishona ovaroli za waosha magari. Mwalimu akafurahi sana, akaandika kwenye daftari lake: Ishmael, mtaalamu. Akasema basi tushone sote wawili, yeye ataamua Ijumaa kwenye mazoezi.

Magokoro ataigizwa na Valentine, mke wangu wa ndoa. Roboti ni Obwocha wa mashine ya kusaga unga, rafiki yangu. Nimeshashinda kabla ya kutunga uzi.

Jumanne, 5 Agosti

Utafiti. Nilikwenda Kisii mjini kuangalia wanasesere wa roboti madukani. Nimejifunza mengi. Mmoja alikuwa na tai iliyochorwa kifuani, na vifungo visivyofungua chochote. Mwingine alivaa joho jekundu linalofungwa shingoni. Wa tatu alikuwa na sketi ya plastiki, na chini ya sketi hakuna kitu, magurudumu tu. Nikajiuliza anaficha nini. Nikamvua yule wa joho nione mshono. Mbele amepigwa pasi, nyuma hakuna hata upindo! Nikamwonyesha muuzaji ile aibu. Akaniomba kwa heshima nimrudishie mwanasesere nguo zake na niondoke dukani.

Katika picha zote za roboti nilizowahi kuona, jambo ni moja: kung'aa. Nimenunua ile karatasi nzito ya fedha ambayo watu huweka chini ya mabati kuzuia joto. Nitashona suti kamili. Koti, kizibao, suruali, tai.

Valentine ameniuliza kwa nini kitu ambacho tayari ni chuma kivalishwe chuma tena. Eti ni kama kumenya ndizi halafu kuifunga kwa ganda la ndizi nyingine. Nilimwambia hajui mambo ya kitaalamu. Chakula kilichelewa.

Jumatano, 6 Agosti

Upelelezi. Nilirudi kwa Kemuma kurudisha chaki. Nimeona vazi lake! Sweta kuukuu ya kijani iliyotiwa viraka kwenye viwiko, aproni ya plastiki ya kuchumia chai, kitambaa cha kichwa, gambuti. Basi! Vazi ambalo mama yeyote hapa huvaa akienda shambani kabla umande haujakauka. Kwa roboti! Nilicheka mpaka nikakalia pini zake.

Kemuma hakukasirika. Aliniletea chai, akaniuliza kama suti yangu imeacha nafasi ya roboti kuketi. Nikaona mtego. Nikamjibu kwamba roboti hawaketi.

Nimerudi nikaangalia mchoro wangu. Kweli, haiwezekani kuketi. Si kitu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempima Obwocha. Mwili mkubwa, moyo mkubwa zaidi. Kwa adabu yake alivuta tumbo ndani na kubana pumzi muda wote nilipokuwa na futi. Sikugundua mpaka suti ilipokwisha. Sasa inafungika tu akiwa hapumui. Nilimshauri apumue kidogo kidogo, kwa juu juu. Akajaribu. Akasema anaona nyota, lakini nyota nzuri.

Aliuliza pia itakuwaje akitaka kwenda haja. Nilimkumbusha kwamba yeye ni roboti.

Nilitaka kumzungushia zile taa ndogo za Krismasi. Akakataa katakata, anasema umeme anaufahamu kutoka kwenye mashine yake na hawaelewani. Tumekubaliana kwenye tochi mbili mabegani.

Ijumaa, 8 Agosti

Mazoezi. Nimeumia.

Obwocha aliingia na suti yangu. Ukumbi mzima ulishangilia! Mwalimu alipiga makofi. Aling'aa kama paa jipya. Tatizo ni kwamba kila alipogeuka, karatasi ilipiga kelele kama mtu anayekanyaga majani makavu ya mgomba, na maneno ya Valentine hayakusikika. Watu walicheka pale walipotakiwa kusikitika.

Kisha wakajaribu vazi la Kemuma. Valentine alimvisha Obwocha ile sweta taratibu, mkono mmoja, kisha wa pili. Akamfunga kitambaa kichwani, akasema, "Omwana one, mwanangu, umande utakuua." Mama mmoja aliyekuja kupiga deki akafuta macho kwa aproni. Mimi pia jicho liliniwasha. Vumbi.

Mwalimu akaamua hivi: mavazi yote mawili yatumike! Roboti anakuja na suti yangu, halafu magokoro anamvua, anamvisha nguo za Kemuma. Kila mtu alisema ni wazo zuri. Kemuma mwenyewe alinipa mkono wa pongezi.

Hawaoni? Suti yangu itavuliwa! Mbele ya umati, na mke wangu mwenyewe, ili aonekane Kemuma! Miaka kumi na tisa kwenye cherehani, nivuliwe kama maganda!

Hapana. Nina mpango.

Jumamosi, 9 Agosti

Sabato. Sikushona. Nilifikiri tu, na sidhani kufikiri mshono ni kushona. Mhubiri alizungumzia wivu unaoozesha mifupa. Nilisikitika Kemuma hakuwepo kusikia. Yeye ni Mkatoliki.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa nje, kwa sababu ambazo zitaeleweka.

Manga, saa tano asubuhi. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nyuma ya pazia nilimwambia Obwocha kwamba zipu ya mgongoni imelegea na nataka kuiimarisha. Akageuka akanipa mgongo, mtu wa watu. Nikaishona zipu yote kwa uzi wa kufungia magunia, mishono miwili miwili, kuanzia kiunoni hadi kwenye kola. Pindo za mikono pia. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: suti isipovulika, magokoro atalazimika kuendelea, na mchezo utakwisha ukiwa unang'aa.

Mchezo ukaanza vizuri. Roboti akaingia, shangwe. Akachuma chai. Mvua ya kuigiza ikanyesha, yaani watu wawili walitikisa mchanga kwenye karai. Valentine akamwendea, akasema hawezi kulala huku kiumbe kinatetemeka kwenye shamba lake. Akashika zipu.

Akavuta. Akavuta tena. Akamzunguka, akajaribu mkono. Niliona uso wake ukibadilika kutoka magokoro hadi Valentine. Obwocha, ambaye hajawahi kuacha kazi katikati, akasema kwa sauti ya roboti, "Nguo. Haitoki." Watu wakaangua kicheko. Valentine akavuta kwa nguvu, wakazunguka jukwaa lote kama watu wanaomkamata ng'ombe. Nilianza kuchekelea. Kisha nikaona uso wa Obwocha. Ulikuwa na rangi ya zambarau. Alikuwa amebana pumzi tangu aingie.

Nikasimama. Hapo niliogopa kweli, sitaficha.

Valentine hakupoteza hata sekunde. Aligeukia watu, bado akiwa magokoro, akapaza sauti: "Kijiji hiki hakina fundi? Mwanangu anakufa ndani ya chuma!" Na Kemuma akainuka kutoka kiti cha tatu, mkasi mkononi kama kawaida yake, akapanda jukwaani. Krr! Akaikata kuanzia kwenye kola hadi kiunoni. Obwocha akavuta pumzi moja, ndefu, iliyosikika hadi nje, na mishono iliyobaki ikapasuka yenyewe.

Roboti akabaki na fulana iliyotoboka na kaptura. Hakuna aliyecheka. Mtu mzima, mkubwa vile, anatetemeka kweli. Valentine akamvisha sweta. Kemuma akamfunga aproni. Obwocha alikuwa analia, na haikuwa kwenye maigizo. Ukumbi wote ukasimama.

Mwalimu Beverlyne alidhani tulipanga! Akanikumbatia, akasema hajaona ubunifu wa namna ile. Nikapanda jukwaani nikainama mara nne. Nikasema ndiyo, wazo lilikuwa langu.

Nyumbani Valentine aliweka ule uzi wa gunia mezani, karibu na sahani ya mboga za chinsaga. Alisubiri nimalize kula. Kisha akasema, "Baba Cynthia, Obwocha angekufa."

Nikasema nilitaka tu suti yangu isivuliwe.

"Kama roboti asingekuja na suti yako," akasema, "watu wasingejua ana baridi. Kazi yako ndiyo iliwafanya watamani avishwe. Niliwaambia wenzangu Ijumaa. Wewe hukuuliza, ulienda kutafuta uzi."

Akaniambia nikae nje nifikiri nitamwambia nini Obwocha. Nimefikiri. Kuna baridi.

Jumatatu, 11 Agosti

Siku ya toba. Nilikwenda kwenye mashine ya kusaga, nikamwambia Obwocha ukweli wote. Alipangusa unga kwenye nyusi. Kisha akasema amenisamehe, ila siku nyingine nimwachie tundu la hewa. Akanipa debe la unga. Nilitaka kulia.

Nikavuka kwa Kemuma. Nilimwomba radhi pia, nikiwa nimesimama. Akasema yamekwisha, sisi ni majirani. Mwalimu amempa yeye kazi ya mavazi ya mashindano, lakini Kemuma mwenyewe ameomba tushirikiane, nusu kwa nusu. Nusu kwa nusu! Mwanamke mwenye moyo. Nilimshika mkono nikamwambia kuanzia leo hakuna siri kati yetu.

Nimejifunza. Wivu ni ujinga. Naandika hapa ili nisisahau.

Saa kumi nilikutana na Mwalimu Beverlyne karibu na soko. Nikamshauri, kama mtaalamu, kwamba mchezo unahitaji roboti wa pili: bosi wa yule wa kwanza, anayemfuata mfanyakazi wake kutoka mjini. Mtu mkubwa. Koti jeusi la kung'aa, mkia wa mita nne. Akasema atafikiria. Mtu akisema atafikiria, ameshakubali. Nimekwisha kukata kitambaa. Mwigizaji si tatizo, nimejipima mwenyewe.

Kemuma ameniuliza Mwalimu alisema nini. Nimemwambia anataka soksi za roboti, jozi thelathini, na kwamba nimemwachia yeye heshima hiyo yote. Amenishukuru sana. Ameanza kufuma.