Waya Uliokuwa Ukining'inia

Jumatatu, 3 Juni
Mpwa wangu kaitwa usaili! Ukarani wa zahanati, kwa video, Alhamisi saa nne asubuhi. Miezi kumi na moja anaomba kazi, huyu mtoto. Tatizo: intaneti inaishia sebuleni, na sebuleni kuna shemeji na cherehani yake inayonguruma kama trekta. Chumba cha nyuma kimetulia, ila intaneti haifiki. Nikasimama, nikatangaza: mimi nipo! Shemeji akauliza kama nimewahi kushika kitu kibovu kikapona. Wivu tu.

Jumanne, 4 Juni
Nimeleta swichi, mtumba safi, kisanduku chenye matundu manane. Dada akataka kujua ni dude gani. Nikamfundisha: modemu ni mlango, dunia inaingilia pale. Ruta ni mlinzi wa geti, anajua kila barua ya mtaa wetu na ya mitaa ya mbali ipite wapi. Swichi inagawa humu ndani, kila mtu na sahani yake. Dada akasema basi swichi ndiyo yeye, na hajawahi kulala mchana.

Jumatano, 5 Juni
Waya kutoka ruta hadi swichi, swichi hadi kompyuta ya mpwa. Inakwenda kama maji! Mpwa kanikumbatia. Ila swichi ilikuja na waya mfupi, ncha moja imechomekwa, nyingine inaning'inia. Aibu! Fundi haachi waya unaning'inia. Nikauchomeka tundu la pili, swichi ile ile. Taa zikametameta kama harusini. Nikajipigia makofi.

Jioni: intaneti hakuna. Nyuma hakuna, sebuleni hakuna. Nimezima, nimewasha, nimepuliza matundu. Shemeji anapiga mluzi tu. Bora angetukana.

Alhamisi, 6 Juni
Saa nne kasorobo. Dada anaomba dua. Shemeji kazima cherehani, mara ya kwanza tangu amuoe dada. Mimi chini ya meza, jasho tupu. Mpwa akapiga magoti kando yangu na blauzi yake ya pasi, akauliza kwa upole, mjomba, huu waya unatoka wapi? Kwenye swichi. Na unakwenda wapi? Kwenye swichi.

Akauchomoa. Intaneti ikafufuka! Kumbe ujumbe ulikuwa ukizunguka pale pale na kuongezeka, kama umbea wa ukoo wetu, hadi njia ikaziba. Saa nne kamili, mpwa yuko hewani.

Ijumaa, 7 Juni
Kapata! Waliuliza kama amewahi kutuliza dharura. Akawasimulia habari zangu. Wakacheka, wakampa kazi. Kwa hiyo nimemtafutia kazi mimi, hilo halina ubishi. Nililia kidogo, chooni.

Shemeji kanishonea mfuko wa bisibisi, kautarizi kwa uzi mwekundu: USIGUSE. Nadhani ni onyo kwa wezi.

Jumatatu namsindikiza mpwa kazini. Leo alipofuata barua yake ya ajira zahanati aliona swichi ya matundu ishirini na manne pale mapokezi. Ulimi ukamteleza, akasema kuna waya mmoja unaning'inia.

Maskini. Hawana fundi.