Redio Nane za Sala ya Jioni

Jumatatu, 30 Septemba

Mama amepiga simu kutoka Savaii, kisiwa cha ng'ambo. Miguu imevimba, kanisani haendi tena bila gongo. Anataka jambo moja tu: Jumapili Nyeupe, siku ya watoto, Fuatino wangu asimame kanisani kwake aseme aya. Mara ya mwisho alimwona akitambaa. Sasa ana miaka mitatu na anabishana kama wakili.

Nimemwomba mama mkwe ruhusa ya siku tatu, nimpeleke. Amesema tutaona. Hapa mke aliyetoka kijiji kingine ni mikono tu: kupika, kufua, kupepea nzi wageni wakila. Mume wangu Semisi alitazama dari. Dari gani hilo lisiloisha kutazamwa!

Jumatano, 2 Oktoba

Nina mpango. Redio!

Kijiji kina redio nane za mkononi, kuukuu, za vijana wanaofunga barabara saa ya sala ya jioni, gari lisipite. Zinazosema ni tatu. Mtunzaji ni wifi yangu Taualai, kwa kuwa ni binti wa kijiji, si kwa kuwa anajua kitu. Anazipaka mafuta ya nazi. Eti zing'ae! Mimi kabla ya kuolewa nilikaa miaka miwili ofisi ya kivuko, redio zote zikipita mikononi mwangu.

Nikizifufua nitakuwa mtu wa maana. Mtu wa maana hanyimwi siku tatu.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimesugua shaba zinazogusa betri kwa ufutio wa shule hadi kutu ya chumvi ikatoka. Redio moja ilikuwa na ukoo mzima wa mende. Walinipokea vizuri kuliko wakwe. Fuatino alificha skurubu mbili mdomoni. Nikamfinya, akatema, nikambusu, nikamfinya tena.

Kisha kompyuta yangu mbovu na waya wake, nikapanga masafa upya. Zote nane zinasema! Taualai akachungulia mlangoni, akasema haya fundi, ukimaliza vidude vyako vyungu vinakusubiri.

Basi nikaongeza kitu. Redio saba nimezitia alama moja ya siri, maana redio husikia zenye alama yake tu. Ya nane, ya Taualai, nimeitia alama nyingine. Kwa wenzake ni bubu na kiziwi. Na yeye ndiye hutangaza sala imekwisha!

Jumatatu, 7 Oktoba

Ushindi! Taualai alitangaza sala imekwisha. Akatangaza tena. Akabembeleza. Hakuna aliyesikia. Vijana wakafunga barabara dakika arobaini, na basi likangoja, na ndani ya basi mke wa mchungaji na ndoo ya aiskrimu mapajani.

Mbele ya akina mama wote nikachomeka waya, nikabonyeza, dakika mbili, redio ikasema. Makofi! Nikasema kwa sauti Taualai ni kichwa kizito, nikarudia. Mke wa mchungaji, bado ananata, akasema kuanzia leo mtunzaji ni Sulia, yaani mimi. Taualai naye alicheka, meno yote nje. Sikulielewa lile cheko.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimelielewa.

Mama mkwe ameniita mwanangu, mara ya kwanza tangu harusi. Hapo tu ningekimbia. Mwanangu, akasema, Jumapili Nyeupe kuna wageni, kuna magari, vijana watakuwa barabarani kutwa. Redio zikinyamaza, nani mwingine anazijua? Wewe hutoki. Mtoto ataenda, ruhusa ipo. Atapelekwa na Taualai, maana yeye sasa hana kazi.

Nikasema nitamfundisha Taualai, siku moja inatosha. Taualai akajibu taratibu: wifi yangu, mimi kichwa kizito, si ulisema mwenyewe mbele ya watu?

Kweli nilisema. Mara mbili.

Semisi: dari.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimemsuka Fuatino, nimekunja gauni jeupe, nimemwambia asile na nguo hiyo hata kama analia. Redio ya nane nimempa yeye, nikamfundisha kubonyeza. Mimi na yangu ufukweni.

Kivuko kikaondoka. Mama, unanisikia? Nakusikia. Shangazi amekula ndizi yangu. Mwambie nimemwona. Mama, wewe huji?

Nilibonyeza. Sijui nilisema nini. Akaanza kunisomea aya yake, yote, bila kukosea hata neno, mpaka kivuko kikatoka nje ya miamba ya bahari. Kisha mkwaruzo. Niliusikiliza mkwaruzo muda mrefu. Betri haikuisha. Shaba zake nilizisugua vizuri mno.

Jumanne, 15 Oktoba

Wamerudi. Aya ilisemwa, mama alilia, kanisa lililia.

Mkeka ambao mama alinisukia miaka miwili amepewa Taualai, shukrani ya mgeni aliyemleta mtoto. Ameutandika, amekaa katikati. Ananiambia mama yako ana mkono wa kusuka, wifi, ningekuwa wewe ningemtembelea.

Fuatino anasema bibi alimuuliza mara tatu mama yako yuko wapi. Naye, mwanangu, akamwonyesha redio.

Nimelia nikiosha vyungu, kisha nimeacha, kwa sababu kuna habari. Kipaza sauti cha kanisa kimekufa tangu jana, na hakuna mtu hapa anayekijua. Nimeshakifungua. Fuatino yuko mapajani, mdomo nimeukagua. Kikinguruma tu, kanisa zima litajua ni mimi.

Krismasi hawawezi kuninyima.